Kilo Zimeshuka, Misuli Je?

Utafiti uliolitangaza duniani jina la semaglutaidi, sindano ya kupunguza uzito, ule wa STEP 1 uliochapishwa Februari 2021, uliwafuatilia watu 1,961 wenye unene kwa wiki 68. Wengi wao walijichoma dawa mara moja kwa wiki, waliobaki wakajichoma sindano isiyo na dawa ndani. Waliopata dawa walipungua kwa wastani wa asilimia 14.9 ya uzito wao, na namba hiyo ikasafiri kila mahali. Nyingine ilibaki kwenye majedwali. Watu 140 kati ya hao walipimwa, mwanzoni na mwishoni, kwa mashine ya DXA inayotenganisha mafuta na vitu vingine vya mwili. Waliotumia dawa walikuwa wamepoteza takriban kilo 8.4 za mafuta na takriban kilo 5.3 za uzito usio mafuta. Katika kila kilo tano zilizoondoka, karibu mbili hazikuwa mafuta.

Sina ugomvi na dawa hizi. Utafiti wa SELECT wa mwaka 2023, uliohusisha watu zaidi ya 17,600 wenye uzito uliozidi na maradhi ya moyo na mishipa, ulionyesha kwamba semaglutaidi ilipunguza kwa asilimia 20 vifo vya maradhi hayo, mishtuko ya moyo na kiharusi vikijumlishwa. Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani likaziingiza dawa za jamii hiyo kwenye Orodha ya Dawa Muhimu, kwa wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili walio na unene pamoja na ugonjwa wa moyo au wa figo. Zinaokoa maisha. Kinachonisumbua ni namna zinavyotolewa. Mgonjwa anapewa sindano, anaelezwa habari za kichefuchefu, anaambiwa arudi baada ya mwezi kupima uzito. Misuli haitajwi. Na njia za kuilinda zimekwisha kujaribiwa, zikapimwa, zikachapishwa hadi idadi ya marudio ya kila zoezi.

Kwanza tuitendee haki ile namba ya pili, maana imetumiwa vibaya pia na wanaotaka kuwatisha watu. DXA hupitisha mwilini miali ya eksirei ya nguvu mbili tofauti. Mfupa, mafuta na nyama huizuia miali hiyo kwa viwango tofauti, na kompyuta hukokotoa kila kimoja kina kilo ngapi. Kinachoitwa uzito usio mafuta ni chochote kinachobaki baada ya kutoa mafuta na madini ya mifupa: misuli imo, lakini maji yamo pia, na ini, na moyo, na utumbo, na damu, na ngozi. Mtu akipunguza chakula, akiba ya wanga iliyowekwa kwenye ini na misuli hupungua, na kila gramu ya akiba hiyo huwa imeshikana na takriban gramu tatu za maji. Maji hayo yakitoka, DXA huyahesabu kama uzito usio mafuta uliopotea. Ini lililonenepa husinyaa, nalo huhesabiwa humohumo. Kwa hiyo zile kilo 5.3 si zote ni misuli. Tena, mwili wowote unaopungua kwa njia ya chakula hupoteza kitu zaidi ya mafuta. Wataalamu wamezoea kukadiria robo ya kilo zote, na utafiti wa tirzepataidi, dawa inayokaribiana na semaglutaidi, uitwao SURMOUNT-1 ulikuta robo hiyohiyo.

Kwa kijana wa miaka 35 mwenye mapaja yaliyozoea kubeba kilo 120, hesabu inaweza kuishia hapo. Kwa mama wa miaka 66 ambaye tayari anashika mkono wa kiti ili asimame, haiishii. Yeye hana ziada ya kupoteza. Misuli ya mapaja na makalio ndiyo inayomtoa kitandani, inampandisha kwenye daladala, na inamzuia asianguke akiteleza bafuni. Misuli ndiyo pia mahali pakubwa ambapo sukari ya damu huingia baada ya mlo, na mgonjwa wa kisukari ana sababu mbili za kuilinda.

Dawa yenyewe hailengi misuli. Huituliza njaa, mtu anakula kidogo sana, na upungufu huo wa nishati ndio unaofanya kazi. Misuli hujengwa na kubomolewa kila siku. Nishati ikipungua, ujenzi hupunguzwa kwanza. Mwaka 2014 watafiti wa Australia, José Areta na wenzake, waliwapunguzia chakula vijana 15 waliozoea kunyanyua vyuma, kwa siku tano tu. Kasi ya ujenzi wa protini kwenye misuli yao ikashuka kwa asilimia 27. Kisha wakawafanyisha zoezi moja la uzito wakiwa bado katika upungufu uleule, na kasi ikarudi ilipokuwa mwanzo. Walipowapa gramu 15 au 30 za protini baada ya zoezi, ikapanda kupita hapo. Mzigo mmoja na kikombe kimoja cha protini vilitosha kuurudisha ujenzi, ndani ya mwili uliokuwa ukinyimwa chakula.

Lakini hao walikuwa vijana, na siku tano ni chache. Utafiti ninaouthamini kuliko yote katika suala hili ulifanywa Marekani, katika miji ya Albuquerque na Houston, chini ya Dennis Villareal, na ukachapishwa mwaka 2017. Hakukuwa na dawa ndani yake. Kulikuwa na wazee 160, wote wenye miaka 65 au zaidi, wote wenye unene, na wote wameanza kudhoofika kimwili. Madaktari wengi waliogopa kuwapunguza uzito watu wa namna hiyo, kwa hofu ya misuli na mifupa yao. Villareal aliwagawanya katika makundi manne. Kundi moja liliachwa liendelee na maisha yake. Matatu yalipunguziwa kilokalori 500 hadi 750 kwa siku, yakikutana na mtaalamu wa lishe kila wiki, na kila moja likapewa mazoezi ya aina yake mara tatu kwa wiki: la kwanza mazoezi ya pumzi, yaani kutembea kwa kasi, baiskeli na kupanda ngazi za mashine, la pili mazoezi ya uzito, la tatu yote mawili.

Tazama jinsi mazoezi ya uzito yalivyopangwa, maana hapo ndipo ushauri wa kawaida unapopwaya. Yalikuwa mazoezi tisa, ya sehemu ya juu na ya chini ya mwili. Kila mzee alipimwa kwanza uzito mkubwa kabisa anaoweza kuusukuma mara moja. Alianza kwa asilimia 65 ya uzito huo, seti moja hadi mbili za marudio 8 hadi 12. Kadiri miezi ilivyokwenda mzigo ulipandishwa hadi asilimia 85, seti mbili hadi tatu. Asilimia 85 ni mzigo mzito. Ni mzigo ambao ukifika rudio la saba au la nane, uso unakunjamana na la kumi na mbili huliwazii. Wazee wa miaka 70 waliokuwa wameanza kudhoofika waliufikia kwa sababu walifikishwa polepole na kulikuwa na mtu aliyesimama pembeni yao.

Baada ya wiki 26 makundi yote matatu yalikuwa yamepungua asilimia 9 ya uzito. Mzani ungesema yamelingana. Ila kundi la mazoezi ya pumzi lilikuwa limepoteza asilimia 5 ya uzito usio mafuta, kutoka kilo 55.0 hadi 52.3, kundi la uzito asilimia 2, kutoka 58.1 hadi 57.1, kundi la yote mawili asilimia 3. Msongamano wa mfupa wa nyonga ulipungua kwa asilimia 3 kwa waliofanya mazoezi ya pumzi peke yake, na kwa nusu ya asilimia tu kwa waliofanya ya uzito. Na nguvu? Kundi la uzito liliongeza asilimia 19, kundi la yote mawili asilimia 18, kundi la pumzi asilimia 4.

Nimelirudia jedwali hilo mara nyingi. Wazee wa kundi la uzito walipoteza kilo moja ya uzito usio mafuta, na wakati huohuo nguvu zao zikapanda kwa karibu moja ya tano. Kiasi cha misuli na uwezo wa misuli si jambo moja. Sehemu kubwa ya nguvu hutoka kwenye neva zinazojifunza kuziamsha nyuzi nyingi za msuli kwa pamoja, na neva hazijifunzi bila mzigo. Katika mtihani wa shughuli za mwili, kama kuinuka kitini na kupanda ngazi, waliofanya yote mawili waliongeza alama kwa asilimia 21, na makundi mengine mawili asilimia 14 kila moja. Kwa hiyo kutembea kuna faida yake kubwa, hasa kwa moyo na pumzi, na sitamzuia mtu kutembea. Ila anayeambiwa "fanya mazoezi, tembea nusu saa kila siku" akiwa anapungua kilo mbili kwa mwezi amepewa mazoezi ya lile kundi lililopoteza uzito usio mafuta mwingi kuliko yote.

Upande wa pili wa jambo hilohilo uko kwenye dawa mpya zinazosubiriwa kwa hamu. Bimagrumabu ni kingamwili inayoziba vipokezi ambavyo mwili huvitumia kuizuia misuli isikue kupita kiasi. Katika utafiti wa BELIEVE, uliotangazwa Juni 2025, watu 507 waligawanywa katika makundi, yakiwamo ya bimagrumabu, ya semaglutaidi na ya zote mbili. Kwa waliotumia semaglutaidi peke yake, asilimia 71.8 ya uzito uliopungua ilikuwa mafuta. Kwa waliochanganya kwa dozi kubwa, ilikuwa asilimia 92.8. Ni matokeo makubwa kweli. Lakini dawa hiyohiyo iliwahi kujaribiwa kwa wazee wenye misuli iliyodhoofika, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020: uzito usio mafuta uliongezeka kwa asilimia 7, na bado katika mtihani wa kutembea, kusimama na kuinuka kitini hawakuwapita wenzao waliopewa sindano isiyo na dawa, ambao nao walikuwa wakifanya mazoezi mepesi na kula vizuri. Misuli iliongezwa, uwezo haukufuata. Ningependa kila anayesubiri sindano ya misuli ayasome majaribio hayo pamoja na lile la Villareal.

Turudi kwa aliye na sindano ya semaglutaidi mkononi leo. Tatizo lake la kwanza ni sahani. Dawa hizi huchelewesha chakula tumboni, na vyakula ambavyo watu wengi huvikataa mapema ni vile vizito: nyama, samaki wa kukaanga, mayai. Kinachopita kirahisi ni chai, mkate, uji, ndizi. Chukua siku ya kawaida ya mtu kama huyo Dar es Salaam au Mombasa. Asubuhi chai ya maziwa na vipande viwili vya mkate. Mchana wali kidogo na nusu kikombe cha maharage. Jioni kipande kidogo cha samaki, na hamu imekwisha. Chai na mkate vina gramu 8 hivi za protini, wali na maharage 11 au 12, samaki 15. Jumla ni kama gramu 35. Wataalamu wa lishe wanaoshughulika na dawa hizi wanataka gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, ikipigwa hesabu kwa uzito unaolengwa pale mtu anapokuwa mnene sana. Kwa mwenye lengo la kilo 75 ni gramu 90 kwenda juu. Amekula chini ya nusu, na hajisikii njaa hata kidogo ya kumwonya.

Dawa imeondoa kengele, basi saa inabidi ichukue nafasi yake. Protini iliwe kwanza kwenye kila mlo, kabla ya wali au ugali, tumbo likiwa bado na nafasi, na igawanywe mara tatu au nne. Yai moja lina gramu 6. Glasi ya maziwa au mtindi ina 8. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina 15. Gramu 100 za samaki aliyepikwa zina zaidi ya 20. Dagaa wakavu ni hazina ambayo sisi wenyewe tunaidharau: zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, bei yao ni ya mtu wa kawaida, na wakisagwa unga huchanganywa kwenye uji bila kulijaza tumbo. Anayeumwa figo asiongeze protini kabla ya kuongea na daktari wake. Kwake hesabu ni tofauti.

Inafaa kujua kwamba protini nyingi bila mzigo haifiki mbali, na mzigo ukipata protini ya kutosha hufanya maajabu. Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada, mwaka 2016, kiliwachukua vijana wa kiume 40, kikawapunguzia nishati kwa asilimia 40 kwa wiki nne na kuwafanyisha mazoezi makali siku sita kwa wiki. Waliokula gramu 2.4 za protini kwa kilo waliongeza kilo 1.2 za uzito usio mafuta huku wakipoteza kilo 4.8 za mafuta. Waliokula nusu ya hiyo hawakuongeza kitu cha maana, lakini hawakupoteza. Sipendekezi ratiba hiyo kwa mtu yeyote mwenye shughuli zake na kichefuchefu. Naitaja ili tuone mpaka ulipo.

Tatizo la pili ni wakati. Dozi ya Wegovy, jina la kibiashara la semaglutaidi ya kupunguza uzito, hupandishwa kwa ngazi: miligramu 0.25, kisha 0.5, 1, 1.7 na mwishowe 2.4, kila ngazi wiki nne. Ni wiki 16 kabla ya kuifikia dozi kamili. Watu wengi huzitumia wiki hizo kusubiri. Mimi ningezitumia kujifunza kubeba mzigo, kwa sababu nguvu bado zipo na chakula bado kinalika. Siku mbili kwa wiki zinatosha kuanzia, ikiwezekana tatu, zikiepuka siku ya sindano na ile inayofuata kwa wale wanaochafukwa na tumbo. Anayeweza kwenda jimu aende, amwombe mkufunzi amwonyeshe mashine za mapaja, mgongo na kifua. Asiyeweza ana kiti, ngazi, ukuta na dumu la maji. Kuinuka kitini bila kushika, mara kumi, seti tatu. Ikiwa rahisi, akumbatie dumu la lita 5. Baadaye la lita 10. Pushapu za ukutani, kisha za kwenye meza, kisha za sakafuni. Kuvuta dumu kutoka sakafuni hadi kiunoni, mgongo ukiwa umenyooka. Kanuni ni ileile ya Albuquerque, mzigo unaopandishwa polepole: marudio mawili au matatu ya mwisho yawe magumu, na yakishakuwa mepesi mzigo upande. Dumu lililobaki na lita 5 mwaka mzima halilindi msuli.

Umri si kisingizio. Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake kule Boston waliwafanyisha mazoezi ya uzito wazee dhaifu wa wastani wa miaka 90 waliokuwa wakiishi katika nyumba ya kulelea wazee. Ndani ya wiki nane nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174.

Na kliniki zipime. DXA ni ghali na haiko kila mahali, lakini kiti kipo kila mahali. Wataalamu wa Ulaya waliokubaliana mwaka 2018 kuhusu udhaifu wa misuli walitaja vipimo vya kutumiwa chumbani kwa daktari: kuinuka kitini mara tano bila kutumia mikono kusizidi sekunde 15, nguvu ya kukamata isipungue kilo 27 kwa mwanamume na 16 kwa mwanamke, mwendo wa kawaida uzidi mita 0.8 kwa sekunde. Sekunde 15 na kiti. Hakuna sababu ya daktari anayeandika dawa hizi kukosa kuziandika namba hizo kwenye faili kabla ya sindano ya kwanza na kila baada ya miezi mitatu. Uzito ukishuka na sekunde zikishuka, mambo ni mazuri. Uzito ukishuka na sekunde zikipanda, dozi isisogezwe juu hadi chakula na mzigo virekebishwe.

Hayo yote yana uzito zaidi kwa sababu watu huacha. Dawa ni ghali, huadimika madukani, na tumbo huchoka. Washiriki wa STEP 1 waliofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha walikuwa wamerudisha theluthi mbili ya uzito waliopoteza. Kinachorudi hakilingani na kilichoondoka. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Wake Forest wa mwaka 2011, kwa wanawake waliokoma hedhi na waliopunguza uzito kwa chakula, ulikuta kwamba kwa kila kilo ya mafuta waliyopoteza waliondokewa na gramu 260 za uzito usio mafuta, lakini kwa kila kilo ya mafuta iliyorudi walirudishiwa gramu 120 tu. Anayeanza na kuacha mara tatu anaweza kurudi kwenye kilo zake zilezile akiwa na miguu ya mtu mwingine.

Utafiti uliolikabili hilo moja kwa moja, ukiwa na dawa ndani yake, ni wa Denmark. Mjini Copenhagen, kundi la Signe Torekov liliwapunguza uzito watu kwa wiki nane za chakula cha kilokalori 800 kwa siku. Walishuka wastani wa kilo 13.1. Kisha 195 wakagawanywa kwa mwaka mzima: liraglutaidi (dawa ya jamii moja na semaglutaidi), mazoezi, vyote viwili, au hakuna kati ya hivyo. Mazoezi yalikuwa ya kusimamiwa, baiskeli za kasi na mzunguko wa mazoezi ya mwili mzima. Mwisho wa mwaka waliochanganya walikuwa chini ya kundi lisilopata kitu kwa kilo 9.5, wa dawa peke yake kwa 6.8, wa mazoezi peke yake kwa 4.1. Asilimia ya mafuta mwilini ilishuka kwa waliochanganya karibu mara mbili ya kundi la dawa peke yake au la mazoezi peke yake.

Kisha kila kitu kikasimamishwa, sindano na mkufunzi kwa pamoja, na watafiti wakasubiri mwaka mwingine kabla ya kuwaita tena. Waliokuwa kwenye dawa peke yake walirudisha kilo 6 zaidi ya waliokuwa kwenye mazoezi peke yake. Waliokuwa wamechanganya walibaki kilo 5 hivi chini ya wale wa dawa peke yake, mwaka mzima baada ya sindano ya mwisho.